Hodi Kwenye Tanki la Mbegu

Mtu akiniambia leo kwamba tanki ni tupu, namtazama mdomoni kwanza. Mimi nilisimama juu ya tanki tupu, mchana kweupe, watu wanajiandaa kunywa chai, na tanki hilo hilo tupu likataka kunimezea mtoto.

Kazi yetu ni ya maji machafu. Kiwanda cha maziwa kilicho nyuma ya ukuta wetu kinatuletea maji ya kuoshea mitungi, na machinjio nayo yanaleta ya kwake, mekundu, yenye vipande vya mafuta. Yote yanakuja kwa bomba. Zamani yalikuwa yanamwagwa mtoni, na wapita njia wanaziba pua. Sasa yanaingia kwenye matanki yetu, yanafungiwa yasipate hewa, yanapashwa joto kama la mwili wa mtu, na humo ndani wamo vijidudu, hao bakteria, usiowaona kwa macho ila kazi yao unaiona. Wanakula mafuta na sukari iliyobaki kwenye yale maji, na wanachotoa ni asidi. Inachujwa, inatiwa kwenye madumu ya bluu, inaondoka kwa lori: nyingine kwa watengeneza ngozi, nyingine kwa wasaga chakula cha mifugo ili kisiote ukungu, nyingine kwa watengeneza rangi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anapenda kuwaambia wageni, "Jamani, sisi hapa tunauza mkojo wa wadudu." Mgeni aliyekuwa ameshika dumu, utamwona analiachia polepole.

Cheo changu mimi ni mshika kamba. Mtu akitaka kushuka ndani ya tanki, anavaa mikanda kifuani na mapajani, mikanda inafungwa kamba, kamba inapita kwenye kapi lililoning'inia juu ya miguu mitatu ya chuma, inaishia kwenye winchi ya mkono. Hapo kwenye winchi ndipo ninapokaa. Simu naiacha ndani ya mkoba. Umbea nauacha langoni. Wananiita Mama Kamba, na wala sichukii.

Kazi hii niliiomba mwenyewe. Mume wangu alikuwa fundi wa mashimo ya maji taka. Siku moja mwenzake alishuka shimoni akanyamaza. Mume wangu akaingia kumtoa, naye akanyamaza. Watu walipokuja kunipa habari, niliuliza swali moja tu, mpaka wakatazamana wakidhani nimerukwa na akili: "Kamba alishika nani?" Hapakuwa na kamba. Hapakuwa na aliyebaki juu.

Basi hapa kazini tuna sheria yetu, hakuna aliyetuletea, tuliizua wenyewe kwa mdomo. Aliye juu anapiga hodi kila mara, aliye ndani anajibu karibu. Tanki ukishalishukia ni nyumba yako mpaka utoke. Na kama ilivyo kwenye nyumba ya watu, ukipiga hodi tatu usipokaribishwa, huingii. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, mengine ni mapambo. Hukukaribishwa, huingii. Unavuta.

Mkemia wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, aliipenda sana. Alisema kote alikosoma hajapata kusikia sheria inayokaa kinywani vizuri hivyo. Naye akatuongezea ya kwake. Alitukusanya kivulini akatuambia gesi inayotoka kwenye matope yetu inanuka kama yai viza, na kwamba ikizidi inaua pua kwanza, ndipo inarudi kwa mwenye pua.

"Harufu ikiwepo, ogopeni," alisema. "Harufu ikikatika ghafla, msipoteze muda kuogopa. Tokeni."

Watu walicheka. Mwanangu alicheka kuliko wote, akasema, "Sasa mkemia, mimi hapa nikinukiwa na manukato ya jirani nikimbie?" Mimi nilicheka pia, lakini maneno yale niliyaweka mahali.

Siku yenyewe tulikuwa tumetoka kwenye mapumziko. Kiwanda cha maziwa kilifunga kutengeneza mitambo, nasi tukafunga. Kabla ya kufunga tuliondoa maji yote ya tanki la tatu kwa sababu lilikuwa na ufa. Likabaki tope la chini tu, zito, jeusi. Tope hilo ndilo tunaloliita mbegu. Mwenye kugandisha maziwa hubakiza kidogo chunguni ili yagandishe ya kesho. Nasi ni vivyo hivyo. Bila mbegu, tanki jipya litakaa na maji yake yanaoza ovyo ovyo bila kutoa cha maana. Pampu ilijaribu kuivuta ile mbegu ikakohoa, ikazima. Kwa hiyo ashuke mtu, achote kwa ndoo, ipelekwe tanki jipya.

Mtu huyo akawa mwanangu. Ninaye mmoja. Umbo kachukua kwa baba yake, mdomo kachukua kwa shangazi zake, hakai kimya hata akila.

Mkemia alifungua mfuniko, akaliacha tanki lipumue, kisha akashusha kipima hewa kwa uzi mpaka chini kabisa. Tukasubiri. Akakipandisha, taa ya kijani. Hewa nzuri. Akamkabidhi mwanangu.

"Kaa nacho kifuani. Kikilia, panda."

"Nimekusikia, bosi."

"Na barakoa usiivue. Haizuii gesi, lakini inazuia tope lisikuingie mdomoni."

"Hata ukiniletea chai?"

Mkemia akamtikisia kidole, akaenda tanki jipya kutazama kama joto lake limefika. Shemeji akakaa upande wa ndoo na kamba yake. Shemeji huyu tunamwita Dakika Mbili, kwa sababu hakuna safari yake isiyo ya dakika mbili, hata akienda kumwona mgonjwa mji wa jirani.

Mimi kabla ya kumshusha mtu huwa naomba. Siombi kwa sauti, midomo tu.

"Mama," mwanangu akasema akiwa ameshaning'inia, "Mungu keshasikia. Legeza kamba."

"Mungu anasikia, wewe ndiye husikii," nikamjibu. Nikalegeza.

Ngazi ya chuma imechomelewa ukutani mwa tanki, lakini tunamshusha mtu kwa kamba hata kama anaikanyaga. Alipofika chini niliona kitu kinang'aa kwenye kipago cha juu juu cha ngazi, karibu na mlango wa tanki. Kipima hewa. Amekitundika pale kwa kikamba chake kama mtu anayetundika kofia.

"Baba," nikaita, maana mwanangu namwita baba, "hicho kifaa mbona umekiacha huku?"

"Kile cha kwanza si kiliingia tope kikafa? Mkemia alininunia mpaka nikatamani anichape makofi yaishe. Hiki nakitunza."

"Kitunze kifuani."

"Nikijaza hizi ndoo, mama. Mikono yote ina tope sasa."

Taa ilikuwa ya kijani. Niliiona kwa macho yangu haya.

Akachota. Shemeji akavuta ndoo, akazipanga. Nami nikafanya yangu.

"Hodi!"

"Karibu mgeni! Viti hakuna, kalia ndoo."

Akachota tena, anaimba, sauti inazunguka humo ndani kama sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Hodi!"

"Karibu! Ila chakula tumeshakula."

"Mchoyo kama shangazi yako," nikasema, na shemeji akacheka mpaka akamwaga kidogo. Shangazi mwenyewe ni dada yake. Kisha akatia ndoo kwenye mkokoteni.

"Shemeji, napeleka hizi kwa mkemia. Dakika mbili."

"Subiri tumtoe kwanza."

"Mbegu ikikaa hewani inaharibika, shemeji. Dakika mbili tu, namaliza, narudi." Magurudumu yakaanza kulia.

Chini mwanangu akaniita. "Mama, huku kwenye kona limeshika kama ukoko wa sufuria. Nalipasua."

Nikasikia sepetu. Mara moja, mara ya pili. Ya tatu haikulia kama zile. Ilitoa mlio wa kitu kinachovuja, kama mtu anayetoboa jipu. Harufu ikanijia. Yai viza, lakini mayai ya dunia nzima, ikanipiga usoni hapo juu nilipokaa, machozi yakanitoka, nikaziba pua kwa upande wa kanga.

Na kutoka chini nikasikia sauti ya mwanangu, ya furaha.

"Mama! Leo tumekumbukwa. Hata hainuki!"

Mimi nilikuwa nimeziba pua.

Sijui nieleze vipi. Nimezika mume, nimelala njaa, nimesikia mengi katika maisha yangu, lakini sentensi ile ndiyo iliyonigandisha damu. Mtoto wangu ananiletea habari njema, na habari yenyewe ni kwamba amekwisha kufa pua.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka, panda, toka!"

"Nini tena, m—"

Sepetu ikaanguka. Halafu kitu kizito kikakaa kwenye tope, pwa, bila haraka, kama mtu aliyechoka anayekaa kwenye kiti alichokizoea.

"Hodi!"

Kipima hewa kikaanza kulia wakati huo, pale juu kwenye kipago chake, kisafi, hakina hata tone la tope.

"Hodi!"

Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye winchi. Sikumbuki niliiweka lini.

"Hodi!" Hiyo ya tatu niliipiga huku nazungusha. Kamba ikakaza, ikanyanyuka kidogo, ikakwama. Nikazungusha kwa mwili mzima, chuma hakisogei. Nikapiga ukelele ambao sikuwa najua ninao.

Shemeji akaja mbio, mkokoteni ameuangusha huko, mbegu imemwagika chini. Alitazama kamba, akanitazama mimi, akaelewa. Akavua koti lake la kazi, akaweka mguu kwenye ngazi.

Mimi tangu niolewe sijamgusa shemeji yangu zaidi ya kupeana mkono. Siku ile nilimkaba shati la kifuani kwa mikono miwili nikamtoa kwenye mlango wa tanki kama mtu anayetoa mbuzi shambani.

"Niache! Mtoto wetu yule!"

"Hukukaribishwa!"

"Shemeji, niachie, anakufa!"

"Huingii!"

"Wewe mama gani?" akanipigia kelele usoni, mate yananirukia. "Una roho ya jiwe wewe! Kaka yangu angekuwepo angeingia!"

"Kaka yako aliingia," nikamwambia. "Shika winchi."

Alinitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima unavunjika namna ile. Mguu ukatoka kwenye ngazi. Akashika winchi.

Nililala kifudifudi kwenye ukingo, nimebana pumzi, nikatupa jicho ndani. Mwangaza ulimfikia. Alikuwa amekaa, kichwa kimelala begani, na buti lake moja limeingia chini ya kipago cha mwisho cha ngazi. Tukivuta, tunavuta ngazi. Nikajirudisha nyuma nikapumua.

"Legeza," nikasema.

"Nilegeze?"

"Legeza kidogo, mguu umenasa!"

Unajua ni kitu gani kumwambia mtu amrudishe mwanao chini? Shemeji alilegeza huku analia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nikaishika kamba kwa mikono yangu, nikaiyumbisha upande, nikaiyumbisha tena, nikaona mwili unageuka kama mtu anayejigeuza kitandani, na mguu ukachomoka, buti likabaki.

"Vuta!"

Akavuta. Alizungusha ile winchi mpaka ikalia kama inataka kukatika, nami nimeshika kamba, nayo inapita viganjani inachukua ngozi, sikusikia maumivu yoyote. Kichwa kikatokea mlangoni. Uso ulikuwa na rangi ambayo sitaitaja. Tukamlaza mbali, upande upepo unakotoka. Mguu mmoja una buti, mwingine soksi yenye tundu kwenye kidole gumba, soksi niliyokuwa nimemwambia jana yake aitupe. Nilikiona hicho kidole, na hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kukitazama.

Mkemia alifika na mtungi wa hewa, akapiga magoti kando yake, akamvua barakoa, akamfunika ile ya mtungi.  "Pumua," alikuwa anasema, "pumua, tafadhali, pumua, nitakununulia vipima hewa vingine, pumua." Kifua hakikupanda. Akakikandamiza. Hakikupanda. Kisha kikapanda, kidogo, kibaya, kwa mkoromo. Kikapanda tena.

Gari lilipokuja kumchukua waliniambia nipande. Sikuweza. Nilikuwa bado nimeshika kamba, na kamba ilikuwa imefungwa kwenye winchi, na vidole vyangu vilikataa kufunguka. Mkemia alipiga magoti mbele yangu akavifungua kimoja kimoja, ananiambia, "Mama, yuko juu. Mama Kamba, tumeshamtoa, yuko juu." Nilimsikia vizuri. Vidole ndivyo havikusikia.

Hospitalini walituweka kwenye benchi la ukumbini. Ukuta ulipakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu, na nilikuwa nautazama mstari wa katikati. Nilitaka kuomba. Mimi mtu wa kuomba, asubuhi naomba, chakula naomba, kamba naomba. Nikafungua mdomo, maneno yote yamekimbia. Kila nikitafuta neno linakuja moja tu: hodi. Hodi, nikasema ndani kwa ndani. Hodi. Hodi. Nikafika ya tatu nikaogopa, nikaanza upya kuhesabu ili nisifike mwisho.

Mkemia alikuja kukaa nami. Macho mekundu. "Mama, hewa niliyoipima ilikuwa ya kweli," alisema. "Lakini ilikuwa hewa ya kabla ya sepetu. Siku zote tulizopumzika, wao walikuwa wanakula humo ndani ya tope. Gesi ikajikusanya chini ya ule ukoko, kama mvuke chini ya utando wa uji. Alipoupasua ikatoka yote kwa mkupuo." Akafuta macho. "Nilijua. Nawafundisha kila siku kwamba mbegu ni kitu kilicho hai. Halafu nikaliita lile tanki tupu."

"Hawana sikukuu," nikasema.

"Hawana, mama."

Na hilo nalo lilinishtua, pale pale benchini. Vijidudu vile nilikuwa nimevishukuru mbele za Mungu wangu, kwa kuwa vinakula uchafu wa wengine na kutulisha sisi. Havikumchukia mwanangu. Havikujua kama kuna mtu. Vilikuwa vinafanya kazi yao ile ile ya kila siku.

Shemeji alikaa mwisho wa benchi, mbali, kama mgeni. Mikono ameiweka magotini, malengelenge yamepasuka. Baada ya muda mrefu akasogea, akasogea tena.

"Shemeji."

"Bee."

"Nimekutukana."

"Umenitukana vizuri sana," nikamwambia. "Lakini ulizungusha."

Akatikisa kichwa.  Akasema, "Siku ile ya kaka, mimi nilifika nimechelewa. Dakika chache tu. Nimekaa nazo miaka yote hii, najiambia ningewahi ningeingia." Akatazama viganja vyake. "Na kweli ningeingia."

"Najua. Siku ile tungezika watatu."



Muuguzi alitoka kutuita jua limeshageuka. Alisema amefumbua macho, kichwa kinamuuma, amekojoa, ameuliza kama ndoo zilifika. Mkemia akacheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi akasema mzazi aingie kwanza.

Nikatembea mpaka mlango wa wodi. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni, kitanda chake cha pili kutoka dirishani. Niliuona mguu wake nje ya shuka, ule ule, na kidole gumba. Nyayo zangu zikakataa kuvuka kizingiti. Nilisimama pale na mikono imefungwa bandeji kama mwizi aliyefumaniwa.

"Hodi," nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

"Karibu mama, pita tu," akasema muuguzi, anatengeneza dripu.

Sikupita. Si yeye niliyempigia.

"Mama, pita, anakusikia."

"Hodi," nikasema tena, nikimtazama yule wa kitandani. Kichwa hakikugeuka. Muuguzi akanitazama, akaacha kazi yake. Sijui alielewa nini. Nyuma yangu nilisikia shemeji amebana pumzi. Ilibaki moja, na midomo yangu iliikataa, kwa sababu sheria tuliitunga wenyewe na mimi ndiye niliyeishika.

Shuka ikasogea. Akakohoa, kikohozi kirefu kinachokwaruza, kikamkunja, kikamwachia. Kisha, kwa sauti ya mzee wa miaka mia, akasema akiwa bado anatazama dari:

"Karibu, mgeni." Akameza mate kwa taabu. "Leo viti vipo."

Nikaingia.